Nzi wa Nairobi, samaki wa Gura

"Hicho si nzi," mzee alisema. "Hicho ni tambara la deki."

Kijana alitabasamu, akaendelea kukifunga kwenye ncha ya uzi wake. Kilikuwa kidude kinene cha rangi ya haradali, urefu wa kiungo cha mwisho cha kidole, kimeshikizwa kwenye ndoana yenye shanga ya shaba kichwani. Ukikiona kwa mbali utasema ni buu aliyechokolewa kwenye gogo bovu. Lakini mzee hakukosea. Nzi wa namna hii hutengenezwa kwa kukata kishungi kimoja cha tambara la deki, yale ya nyuzi nene laini yanayouzwa madukani, na kukifunga kwenye ndoana, basi. Alianzia Marekani, na huko wapo wavuvi wazee wasiotaka hata kumweka kwenye kisanduku kimoja na nzi wao wengine, kana kwamba ataambukiza.

"Lakini anavua, Guka," kijana alisema.

"Hata baruti inavua."

Guka ni babu kwa Kikuyu, na hawa wawili ni babu na mjukuu kweli. Tulikuwa wanne ukingoni mwa mto Gura, upande wa Nyeri, saa moja na nusu asubuhi, pumzi zetu zikitoka kama moshi. Mzee anakaribia miaka 80. Alianza kubeba mikoba ya wavuvi wa Kizungu kabla ya Uhuru, akiwa mvulana wa miaka 12. Mjukuu wake ana miaka 26 na huwaongoza wageni kuvua. Wa tatu alikuwa dada mmoja kutoka Nairobi, ambaye kwa miaka 11 amefunga nzi bandia wa kuuzwa ng'ambo na hajawahi kumwona samaki aitwaye trauti akiwa hai. Wa nne ni mimi, ambaye uvuvi wangu wote ulianza na kuishia kwenye ngalawa ya mjomba, pwani, nikishika mshipi wa chubwi na kutapika.

Kwa msomaji aliyezoea mshipi kama mimi, uvuvi huu umepinduliwa juu chini. Pwani unachorusha ni chubwi: risasi inatangulia, mshipi unafuata, chambo kinabebwa. Nzi hana uzito. Ni ndoana ndogo, uzi na manyoya ya jogoo, na ukimpuliza anaondoka kiganjani. Kwa hiyo kinachorushwa ni mshipi wenyewe, mnene kuliko wetu, na nzi anaburutwa nyuma yake kama mkia wa tiara. Ndiyo maana mvuvi hupunga ufito mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka mshipi ujikunjue wote hewani, ndipo aulaze juu ya maji. Mzee anafanya hivyo kiwiko kikiwa kimebanwa ubavuni. Bwana aliyemfundisha alimpachika kitabu kwapani na kumwambia ole wake kikianguka. Kitabu chenyewe, anasema, kilikuwa Biblia, na hakijaanguka mpaka leo.

Trauti si mwenyeji wa mto huu. Aliletwa mwaka 1905 na Ewart Grogan, yule mlowezi aliyejipatia jina kwa kusafiri kutoka Cape hadi Cairo, sehemu kubwa kwa miguu. Mayai yalitoka Loch Leven, Scotland, yakaja kwa meli, kisha kwa reli, kisha juu ya vichwa vya wapagazi, hadi kwenye maji baridi ya Aberdare. Mwaka 1910 akaja binamu yake, trauti wa upinde wa mvua, kupitia Afrika Kusini. Mito ya Aberdare na ya Mlima Kenya ikapandwa samaki mmoja baada ya mwingine kama watu wanavyopanda miti, na mwaka 1948 serikali ya kikoloni ikajenga kituo cha kutotolesha vifaranga pale Kiganjo, ambacho wenyeji wa Nyeri bado wanakijua.

Hakuna aliyefikiria chakula. Walowezi walitaka mto unaofanana na wa kwao, wenye samaki wa kwao, na baridi ya kwao asubuhi. Pamoja na samaki zikaja na desturi: leseni, idadi ya samaki kwa siku, na namna ya kistaarabu ya kuvua, yaani kwa nzi bandia tu. Mnyoo ulikuwa haramu. Mwafrika alikuwa na nafasi yake katika desturi hizo, nayo ilikuwa kubeba mkoba na wavu. Akionekana mtoni na ndoana yake mwenyewe, aliitwa mwizi.

Cha ajabu ni kwamba mwizi huyo, upande huu wa mlima, hakuwa na hamu ya samaki hata kidogo. Jamii ya Wakikuyu haikuwa na jadi ya kula samaki. Mzee anakumbuka bwana wake alivyokuwa akimpa trauti mmoja mwisho wa siku kama bakshishi, naye akimbeba kwa ncha za vidole hadi stesheni ya Kiganjo kumpa karani mmoja Mjaluo, aliyempokea kama zawadi ya arusi. Nyumbani mama alimnawisha mikono kwa majivu kabla hajagusa kibuyu cha maziwa. Kwa hiyo mtu huyu alijifunza kuvua samaki wasiokuwa wake, kwa namna isiyokuwa ya kwao, akiwa hana sababu yoyote ya kuwataka. Na akaupenda uvuvi huo kwa moyo wote. Nilimuuliza kwa nini. Akanitazama kama niliyemuuliza kwa nini alimpenda mkewe.

Kizazi kilichofuata hakikuwa na mapenzi hayo. Baada ya Uhuru serikali iliwahimiza wananchi wale samaki kwa ajili ya protini, na kidogo kidogo, kwa njia ya shule, jeshi na hoteli za mjini, mwiko ukalegea. Mwaka 2009 ukaja mpango wa kuchimba mabwawa 200 katika kila moja ya maeneobunge 140, na Nyeri ya watu wa nyama choma ikajikuta inafuga perege nyuma ya zizi la ng'ombe. Lakini muda mrefu kabla ya mabwawa hayo, vijana wa vijiji vilivyopakana na msitu walikuwa wameshagundua kwamba trauti ana bei hotelini na kwamba mnyoo unamvua kuliko manyoya yoyote. Mmoja wao alikuwa mtoto wa mzee huyu, baba yake kijana wetu. Sasa anaendesha matatu na habari za mtoni hataki kuzisikia. Siku zile mzee alikuwa amepewa kazi ya kulinda sehemu ya mto, na usiku mmoja tochi yake ilimwangukia mwanawe akiwa na samaki 14 kwenye gunia.

"Ulifanya nini?" nilimuuliza.

"Nilizima tochi."

Karo ya mihula miwili ilitoka kwenye magunia ya namna hiyo, na mjukuu anajua. Niliwaona wakilizungumza jambo hili kwa urahisi wa watu waliokwisha kuligombania siku nyingi.

Mzee anapokataa tambara la deki, basi, anatetea nini? Nilimsikiliza asubuhi nzima na nikajaribu kuipanga dini yake. Nzi lazima aelee juu ya maji. Lazima atupwe kuelekea mkondo unakotoka, si unakokwenda. Na usimtupe hovyo: usubiri mpaka umwone samaki akipanda kumeza mdudu, ndipo umpelekee wako palepale. Kama hakuna samaki aliyepanda, keti unywe chai. Mzee hajawahi kusikia jina la Frederic Halford, lakini ni muumini wake kamili, aliyebatizwa kwenye maji ya Gura na mtu aliyebatizwa kwenye maji ya kusini mwa Uingereza.

Huko, kwenye mito ya chokaa kama Test na Itchen ambayo maji yake yanaonyesha kokoto moja moja, Halford alichapisha mwaka 1886 kitabu juu ya nzi wanaoelea na jinsi ya kuwafunga, na miaka mitatu baadaye akatoa kingine juu ya kuwavulia. Ilianza kama mbinu ya kuwapata samaki wajanja kwenye maji maangavu. Kwa muda mfupi ikawa adabu, na baada ya hapo ikawa imani. Aliyemzamisha nzi wake kwenye mito hiyo alitazamwa kama mtu anayekula kwa mikono miwili mbele ya wakwe.

Aliyeivuruga imani hiyo alikuwa wakili wa London, G.E.M. Skues. Alikuwa na tabia ya kuingiza kijiko chembamba, kile cha kuchokolea uboho wa mfupa, kwenye tumbo la samaki aliyemuua, na kumwaga alichokipata kwenye sahani nyeupe yenye maji. Humo aliwaona wadudu ambao hawajaota mabawa, tunutu wanaoishi chini ya maji kabla ya kuibuka na kuruka. Samaki alikuwa amekula chini wakati mvuvi anamsubiri juu. Skues akaanza kufunga tunutu bandia na kuwavua trauti kwa tunutu hao, na mwaka 1910 akaandika kitabu kuhusu jambo hilo kwa upole wa mtu anayejua anachokoza. Upole haukumsaidia. Mwaka 1938, akiwa na miaka 79, hoja yake ililetwa kwenye mjadala katika klabu ya wavuvi wa nzi jijini London, na wengi wakawa upande wa pili. Mwaka huohuo aliyaacha maji ya Itchen aliyoyavua kwa zaidi ya nusu karne.

Halafu angalia yaliyofuata. Mlinzi wa mto Avon kule Wiltshire, Frank Sawyer, mtu wa gambuti na jembe, aliwatazama tunutu kwa miaka mingi akiwa kazini na akafunga wa kwake kwa nyuzi za mkia wa fezanti na waya mwembamba wa shaba badala ya uzi, ili wazame upesi. Mwaka 1958 akatoa kitabu chake. Leo nzi huyo yumo karibu katika kila kisanduku duniani, na anayemwita haramu atachekwa. Waliofuata wakaongeza shanga ya shaba, baadaye shanga ya tungsten ambayo ni nzito zaidi. Mashindano ya dunia, yaliyoanza Luxembourg mwaka 1981, yakawakutanisha Wapolandi, Wacheki, Wafaransa na Wahispania, kila mmoja na ujanja wake wa kuwafikisha tunutu wazito chini kabisa, na ujanja huo ndio ambao vijana wa sasa wanajifunza kwenye simu zao. Ufito mrefu mwembamba, mshipi karibu wote umebaki ndani ya gurudumu, mkono umenyooshwa juu kama anayening'iniza taa. Hakuna kupunga. Kitabu cha kwapani hakina kazi.

Kijana alipoanza kuvua hivyo, mzee alimgeuzia mgongo. "Anachokora," aliniambia, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa wa familia. Katika dakika 20 mjukuu alikuwa ameshawagusa trauti watatu. Mzee hakuwa amemtupia yeyote, maana hakuna aliyepanda.

Hapo ndipo dada wa Nairobi alipoomba kuona kisanduku cha mzee. Ni cha bati, kimechubuka rangi, na ndani nzi wamepangwa kwa safu kama wanafunzi paredi. Akawapitisha kidole bila kuwagusa, akiwataja kwa namba za oda badala ya majina. Kwenye kona, chini ya kipande cha pamba, akakuta wanne wembamba wa kahawia wenye waya wa shaba.

"Mzee, hawa ni wa kuzama."

"Hao ni wa siku za mafuriko," mzee alijibu, akafunga kisanduku.

Usidhani mgawanyiko ni wa umri tu, wazee wakiwa na desturi na vijana wakiwa na matambara. Wako vijana waliorudi nyuma kupita babu zao. Huko Marekani, tangu mwaka 2009, umeenea uvuvi wa tenkara kutoka milima ya Japani, usio na gurudumu kabisa: ufito, uzi na nzi mmoja, jambo ambalo wanakijiji wa Kijapani walilifanya kwa umaskini na ambalo sasa linanunuliwa kwa dola kwa ajili ya utulivu wa roho. Mwaka huohuo wa 2009 mwanafunzi wa muziki, Mmarekani mwenye miaka 20 na ushei, aliingia usiku kwenye jumba la makumbusho la Tring, Uingereza, na kuiba ngozi 299 za ndege adimu, kwa sababu manyoya yao yanatakiwa na wale wanaofunga nzi wa samoni kama walivyofungwa enzi ya Malkia Victoria. Wengi wa wafungaji hao hawawatii nzi wao majini kamwe. Wanawaweka kwenye fremu. Kijana huyo alikamatwa, akakiri. Mapenzi ya desturi nayo yana ukichaa wake.

Ugomvi wa kuelea na kuzama ni wa kuchekesha, na wenyewe wanaufurahia. Ugomvi wa pili hauchekeshi. Unahusu samaki anapokuwa tayari yuko kwenye wavu.

Mabwana waliomfundisha mzee walikuwa na kirungu kifupi cha mbao chenye risasi kichwani. Waingereza hukiita kasisi, kwa kuwa ndicho kinachomsomea samaki sala ya mwisho. Pigo moja kisogoni, samaki analazwa kwenye majani, anahesabiwa, anaingia mkobani. Mzee alirithi kimoja na bado anatembea nacho. Mjukuu hana. Ndoana zake amezibana kwa koleo kile kijino cha nyuma, ili zitoke bila kuchana. Samaki akiingia wavuni anamwacha ndani ya maji, analowesha kiganja kwanza kwa sababu mkono mkavu unabandua ule ute unaomkinga na maradhi, anamfungua, anamwelekeza kichwa upande wa mkondo, anasubiri. Kisha samaki anaondoka. Ana kipimajoto kidogo kwenye fulana. Huku juu maji ni baridi daima, lakini kwenye mito ya chini, yakifika nyuzi 20 anafunga mkoba na kuwaambia wageni imetosha, kwa sababu trauti aliyechoka kwenye maji ya moto ataondoka akiogelea na afe nyuma ya jiwe asikoonekana.

Wazo hili lina baba yake. Lee Wulff, mvuvi na mwandishi wa Kimarekani, aliandika mwaka 1939 kwamba samaki wa mchezo ana thamani kubwa mno kuvuliwa mara moja tu. Ilichukua miongo kadhaa wazo hilo kukubalika, na sasa kwenye mito mingi ya Marekani kijana atakayemuua trauti wa porini mbele ya wenzake atajuta. Mwaka 1992 ilipotoka filamu ya Robert Redford iliyotokana na kitabu cha Norman Maclean juu ya familia moja ya Montana na mto wao, watu walimiminika kwenye mito ile kwa wingi kiasi kwamba bila kuachia, labda kusingebaki cha kuachia.

Mzee amesikia yote hayo kutoka kwa mjukuu na hayamwingii. "Kama huna njaa naye, ulimwitia nini?" anauliza. Alikulia nyumba ambayo samaki haliwi, akaishi mpaka siku alipoanza kumla, kwa siri, akiwa mtu mzima, na akaona utamu wake. Kumvuta mnyama kwa mdomo, kumpiga picha na kumrudisha, kwake ni kumdhihaki. Anasema hata mwindaji wa zamani hakumkimbiza paa kwa ajili ya kumkimbiza.

Tulipokuwa tunakunywa chai ya chupa nikamweleza jambo ambalo nilidhani litamfurahisha. Sheria ya Ujerumani ya kulinda wanyama hairuhusu kumtia mnyama maumivu bila sababu ya maana. Chakula ni sababu. Raha ya kumkamata na kumwachia haihesabiwi kuwa sababu. Uswisi nako mtu haruhusiwi kwenda mtoni akiwa ameshakusudia kumrudisha kila atakayemvua.

"Wajerumani?" mzee aliuliza.

"Ndiyo."

"Basi kuna mahali nina jamaa." Akamtazama mjukuu wake juu ya kikombe.

Kijana hakukosa jibu. "Guka, mgeni akimla huyu samaki, ameshamla. Nikimrudisha, wiki ijayo namwuza tena. Na mwezi ujao. Baba aliwauza kwa gunia, mimi nawauza mmoja mmoja, na bado wako majini." Kisha akaongeza jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi. Babu yake alivua mto uliokuwa ukijazwa vifaranga kutoka Kiganjo mwaka hadi mwaka, wakati Mlima Kenya ulipokuwa na barafu zaidi. Yeye amekuta mito ambayo chini ya msitu inafyonzwa na pampu na mifereji ya mashamba, kiasi kwamba kwenye upande wa Naro Moru na Nanyuki kiangazi kikikaza vijito vinabaki mawe. Anahudhuria mikutano ya chama cha watumiaji maji, ambako mvuvi ni mtu mmoja kati ya wakulima 50, na anasema huko ndiko samaki anakoachiwa hasa au kuuawa hasa.

Kwa samaki wa Gura ya leo nakubaliana na kijana. Ninachokataa ni lugha ya baadhi ya wenzake, wanaoita jambo hili huruma. Aliyevutwa kwa mdomo mpaka akachoka hakuhurumiwa. Amekopeshwa, na mkopeshaji anatarajia kurudi. Mzee na kirungu chake walau hawadai shukrani ya samaki.

Dada wa Nairobi hakuwa amesema neno kwenye mabishano haya. Kazi yake, kufunga nzi, iko Kenya tangu enzi za ukoloni. Leo sehemu kubwa ya nzi wanaotupwa kwenye mito ya Ulaya na Marekani wamefungwa kwa mikono, mmoja mmoja, na Wakenya, wengi wao wanawake, kwenye vyumba vyenye madirisha makubwa na meza ndefu. Hakuna mashine iliyoweza kazi hii. Ndoana inabanwa kwenye jiliwa ndogo, uzi unazungushwa, mkia unawekwa, kiwiliwili kinasokotwa, unyoya unazungushwa mara tatu au nne bila kuzidisha, kichwa kinafungwa kwa fundo linalojimeza, inadondoshwa gundi kwa ncha ya sindano. Dada alikuwa akilipwa kwa dazani. Nzi wa 12 akitofautiana na wa kwanza kwa unene wa unywele, dazani inarudi. Anawajua kwa mikono: huyu anachosha macho, huyu anakata vidole, huyu mwenye kishungi cha deki, anacheka, ni mapumziko.

Kazi yenyewe ina mama mmoja maarufu. Megan Boyd, aliyezaliwa mwaka 1915 na kuishi kwenye kibanda juu ya bahari karibu na Brora, kaskazini mwa Scotland, alifunga nzi wa samoni waliotafutwa hata na wana wa mfalme. Mwaka 1971 alitunukiwa medali ya Dola ya Uingereza, na inasimuliwa kwamba hakwenda kuipokea kwa Malkia kwa sababu hakuwa na wa kumwachia mbwa wake. Hakuwa mvuvi. Hakupenda kumwona samaki akifa. Nilimsimulia dada habari zake nikidhani atajiona humo, naye akaniuliza kama huyo mama naye alikuwa akilipwa kwa dazani.

Tofauti ni kwamba jina la Boyd linajulikana. Nzi wengine wamebeba majina ya wanaume: Adams, yule wa kijivu anayejulikana kila mahali, alifungwa Michigan mwaka 1922 na Leonard Halladay na kupewa jina la rafiki yake, Charles Adams. Dada amewafunga Adams wangapi? Alijaribu kukokotoa kwa sauti, dazani kwa siku, siku kwa mwezi, akafika mahali akaacha. Hakuna kisanduku hata kimoja duniani chenye jina lake.

Alikuwa amekuja na wake, hata hivyo, kwenye kibati cha dawa za kikohozi. Adams watatu wa namba 16, wadogo kuliko punje ya maharagwe, aliowafunga nyumbani usiku wa kuamkia safari. Alipomtoa wa kwanza, wanaume wawili wakaanza. Mjukuu akasema kwa maji haya atapata zaidi kwa shanga. Mzee akasema mwache, huyo anaelea, na akampa ufito wake mwenyewe, jambo ambalo mjukuu aliniambia baadaye hajawahi kulifanya kwa mtu. Kitabu cha kwapani akakisahau. Alisimama nyuma yake akamshika kiwiko tu.

Mara tatu mshipi ulimwangukia mabegani. Mara ya nne ukajikunjua, si mzuri lakini umenyooka, na Adams akatua pembeni ya povu, nyuma ya jiwe jeusi, akaelea pale akiwa ameinua mabawa yake ya manyoya. Maji yakafanya kitu kidogo, kama mtu anayemeza mate. Mzee akapiga kelele kwa Kikuyu. Dada akainua ufito akiwa amechelewa, lakini samaki hakuwa amechelewa.

Alikuwa mdogo, kiganja na nusu, na madoa mekundu ubavuni yenye duara la samawati, kama aliyechorwa na mtoto mwenye subira. Wavu ulikuwa majini. Mjukuu alikuwa ameshalowesha mikono yake. Mzee alikuwa ameshachomoa kirungu mfukoni. Wote wawili wakamgeukia mwenye samaki, ili aamue.

Alikuwa amechuchumaa kwenye kokoto na nzi kati ya vidole viwili. Alikuwa amemchomoa mwenyewe, kwa wepesi ambao hata mjukuu hakuuona. Alimgeuzageuza kwenye mwanga, akampitishia ukucha shingoni, pale fundo linapojimeza, mara mbili.

"Uzi haujaachia," alisema.